Kutoka Kitufe hadi Herufi: Viendeshi vya Kibodi na Vipanya vya Zamani katika Mifumo Endeshi na Athari Zake kwa Uandishi wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mifumo endeshi ya kompyuta inavyohudumia kibodi na vipanya vya zamani, yaani vile vilivyotengenezwa kabla ya kuenea kwa USB. Maelezo yanafuata safari ya ishara kutoka kwenye kitufe hadi kwenye herufi inayoonekana katika skrini, na yanaonesha kuwa safari hiyo ina ngazi tatu: kifaa, kiendeshi na mpangilio wa vitufe. Hoja inayotetewa ni kwamba umri wa kifaa peke yake hauamui kama kitaendelea kutumika; kinachoamua ni kama mfumo bado una kiendeshi kinachoelewa misimbo ya kifaa hicho. Aidha, baadhi ya makosa ya uandishi wa Kiswahili yanayohusishwa na ukuukuu wa kibodi, likiwamo la kuharibika kwa ng' katika maneno kama ng'ombe, hutokea katika ngazi ya mpangilio wa vitufe na hurekebishwa bila gharama. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza istilahi zinazotenganisha ngazi hizo pamoja na hatua za uchunguzi kabla ya kifaa kutupwa.

Maneno Msingi: kiendeshi, kibodi, kipanya, mpangilio wa vitufe, mfumo endeshi, istilahi

1.0 Utangulizi

Kibodi ya zamani huhukumiwa mara nyingi kwa makosa yasiyo yake. Mwandishi anapobonyeza kitufe chenye herufi M na kuona alama ya mkato, au anapoandika ng'ombe na kupata ngómbe, maelezo ya haraka huwa kwamba kibodi imechakaa. Uamuzi unaofuata ni kununua nyingine au kuiweka kompyuta nzima stoo. Kwa shule, vituo vya mafunzo na idara za lugha zinazotegemea kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine, uamuzi huo una gharama: kifaa kizima huachwa, fedha hutumika, na huenda tatizo likajitokeza tena kwenye kifaa kipya.

Kwa wataalamu wa Kiswahili suala hili lina sura mbili. Ya kwanza ni ya istilahi, kwa kuwa maneno yanayotumika kutaja vifaa na programu hizi hayajatenganishwa vya kutosha. Ya pili ni ya data ya lugha yenyewe. Matini zinazoandikwa kwa kompyuta ndizo zinazokusanywa kuwa kongoo, na kosa linaloingia wakati wa kubonyeza kitufe hubaki ndani ya kongoo hiyo.

2.0 Istilahi: Kiendeshi ni Kipi?

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia kompyuta, kama vile Windows na Linux. Mfumo huo hauwezi kujua tabia ya kila kifaa kitakachounganishwa. Kwa hiyo hutumia programu ndogo zinazokaa kati yake na vifaa, kila moja ikiwa na ujuzi wa kifaa au jamii fulani ya vifaa. Programu hizo ndizo zinazoitwa viendeshi katika makala haya.

Neno kiendeshi lina utata. Limetumika kwa programu hii na pia kwa kifaa kinachozungusha na kusoma diski, kwa kuwa dhana zote mbili zilifasiriwa kutokana na kitenzi kilekile cha kuendesha. Mafundi wa mitaani wameukwepa utata huo kwa kusema draiva wanapotaja programu. Kibodi nayo ina visawe kama kicharazio na baobonye, na kipanya kimeitwa pia puku. Visawe hivi havina madhara makubwa, kwa sababu vyote huonesha kitu kimoja kinachoshikika. Tatizo hutokea pale neno moja linapobeba vitu viwili vya ngazi tofauti. Katika mazungumzo ya kila siku, kauli "badilisha kibodi" yaweza kuwa na maana ya kuchomoa kifaa na kuchomeka kingine, au ya kuchagua mpangilio mwingine wa vitufe katika mipangilio ya kompyuta. Kazi ya kwanza inahitaji fedha. Ya pili haihitaji chochote.

Juhudi za kuviweka vifaa hivi katika Kiswahili si ngeni. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi iitwayo Jambo OpenOffice mwaka 2004. Hata hivyo, kazi kama hizo hushughulikia zaidi menyu na ujumbe ambao mtumiaji anauona. Viendeshi havionekani, na kwa sababu hiyo istilahi zake zimebaki nyuma.

3.0 Safari ya Ishara kutoka Kwenye Kibodi

3.1 Kitufe na Msimbo

Msingi wa maelezo yote ni huu: kibodi ya kompyuta haitumi herufi. Hutuma nambari inayotambulisha mahali kitufe kilipo. Herufi iliyochapwa juu ya kitufe ni ya macho ya mwandishi, kompyuta haiioni.

Kompyuta ya IBM PC iliyotolewa mwaka 1981 ilikuwa na kibodi yenye vitufe 83, iliyounganishwa kwa plagi ya duara yenye pini 5. Kitufe kilicho upande wa kulia wa Tab kilituma msimbo 16 kilipobonyezwa. Kilipoachiwa, kilituma msimbo uleule ukiongezewa 128, yaani 144. Kwa njia hiyo mfumo ulijua mwanzo na mwisho wa kila mbonyezo, jambo la lazima kwa vitufe kama Shift ambavyo hushikiliwa wakati vingine vinabonyezwa. Mawasiliano yalikuwa ya upande mmoja: kibodi ilisema na kompyuta ilisikiliza tu.

Mwaka 1984 IBM ilitoa kompyuta ya AT pamoja na kibodi ya aina nyingine. Kitufe kilekile cha kulia kwa Tab sasa kilituma 21, na kilipoachiwa kilituma 240 kisha 21. Mawasiliano yakawa ya pande mbili, hivyo kompyuta iliweza kuiamuru kibodi, kwa mfano kuwasha taa ya Caps Lock, nayo kibodi ikajibu kwa 250 kuthibitisha kuwa imepokea. Plagi, hata hivyo, ilibaki ileile ya pini 5. Kibodi ya mwaka 1981 iliweza kuchomekwa barabara katika kompyuta ya AT na isieleweke hata kidogo. Baadhi ya watengenezaji waliweka swichi ndogo chini ya kibodi ili mnunuzi achague kati ya misimbo ya zamani na mipya. Fundisho lake lingali na nguvu: plagi kuingia katika tundu si uthibitisho kuwa vifaa viwili vinaelewana.

Kinyume chake pia hutokea. Mwaka 1987 IBM ilileta kompyuta za PS/2 zenye tundu dogo la pini 6. Umbo lilibadilika, lakini mawasiliano ya kibodi yalibaki yale ya AT. Kwa sababu hiyo adapta ndogo isiyo na saketi yoyote ndani yake, inayounganisha tu waya na waya, inatosha kuifanya kibodi ya AT ifanye kazi katika tundu la PS/2.

3.2 Mkalimani Aliyebaki

Mabadiliko ya mwaka 1984 yalizua swali: programu zilizoandikwa kwa kutegemea misimbo ya 1981 zingefanyaje? Jibu lilikuwa kuweka mkalimani. Ndani ya kompyuta kulikuwa na chipu ya kidhibiti, Intel 8042, iliyopokea 21 kutoka kwenye kibodi na kuutolea mfumo 16. Programu za zamani ziliendelea kusikia misimbo zilizoizoea.

Mkalimani huyo hajaondoka. Kiendeshi cha Windows kinachohudumia kibodi na kipanya cha PS/2 kinaitwa i8042prt, kwa jina la chipu hiyo, na misimbo ambayo Windows huzipa programu ingali inafuata utaratibu wa 1981. Katika Linux kuna kiendeshi cha kidhibiti chenyewe, i8042, na juu yake viendeshi tofauti: atkbd kwa kibodi za AT na PS/2, xtkbd kwa zile za mwaka 1981, na psmouse kwa vipanya. Si mabaki ya makumbusho haya. Kompyuta mpakato nyingi, zikiwamo za miaka ya karibuni, huunganisha kibodi yake ya ndani kwa utaratibu uleule wa PS/2, japo tundu la nje halipo. Hii ni sababu mojawapo ya usaidizi wa kibodi za zamani kudumu: vifaa vipya bado vinautumia.

3.3 USB

USB ilianza kutumika mwaka 1996 na kubadilisha utaratibu. Kibodi ya PS/2 humkatiza msikilizaji kila kitufe kinapobonyezwa, ilhali kibodi ya USB husubiri kuulizwa. Kompyuta huiuliza mara kwa mara, nayo hujibu kwa ripoti. Katika utaratibu wake rahisi kabisa, ripoti hiyo ina baiti 8: moja ya vitufe kama Shift na Ctrl, moja iliyotengwa, na sita za vitufe vya kawaida. Kitufe cha kulia kwa Tab kina nambari 20 katika orodha ya USB. Hivyo mahali pamoja pana majina matatu, 16, 21 na 20, na kazi ya kiendeshi ni kuyarejesha kwenye maana moja.

Faida kubwa ya USB ni kwamba kanuni zake zinaeleza jamii nzima ya vifaa. Kiendeshi kimoja cha jumla kinahudumia kibodi za watengenezaji wote wanaofuata kanuni hizo. Aidha, programu ya awali ya kompyuta, ile inayoamka kabla ya mfumo endeshi, iliwekewa uwezo wa kuifanya kibodi ya USB ionekane kama ya PS/2 hadi kiendeshi halisi kipakiwe. Kifaa kipya ndicho kilichojifanya cha zamani.

Kati ya PS/2 na USB adapta ya waya tupu haitoshi. Vile viplagi vidogo vya kijani au zambarau vilivyouzwa pamoja na baadhi ya vipanya na kibodi hufanya kazi tu pale kifaa chenyewe kinapojua taratibu zote mbili. Kibodi inayojua PS/2 pekee huhitaji kigeuzi chenye chipu ndani yake, inayosoma misimbo ya PS/2 na kuandika ripoti za USB. Wengi hujaribu kiplagi kitupu, hakifanyi kazi, kisha huhitimisha kuwa kibodi imekufa.

4.0 Vipanya

Kipanya cha kwanza kilijengwa mwaka 1964 na Bill English kwa wazo la Douglas Engelbart nchini Marekani, na kikaoneshwa hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Katika kompyuta za kawaida, kipanya kilienea kwanza kupitia tundu la mfuatano, lile lililotumika pia kwa modemu. Vipanya vya Microsoft vya tundu hilo vilituma baiti tatu kwa kila mwendo, kwa kasi ya biti 1,200 kwa sekunde. Kampuni ya Mouse Systems ilitumia baiti tano. Kiendeshi kilichotarajia tatu na kupokea tano kiliupeleka mshale kusikojulikana.

Kutambua kifaa katika tundu la mfuatano ni kazi yenye mashaka, kwa kuwa tundu hilo hupokea kifaa chochote. Windows hujaribu kubahatisha, na hitilafu inayojulikana sana ni ya kipokezi cha GPS kudhaniwa kuwa kipanya, mshale ukaruka huku na huko kwenye skrini. Linux imechagua njia nyingine: mtumiaji mwenyewe huitaarifu, kwa programu iitwayo inputattach, kwamba tundu fulani lina kipanya cha aina fulani. Njia hii haina makosa ya kubahatisha, lakini asiyeijua ataona kipanya kizima hakisogezi mshale na kukitupa.

Kipanya cha PS/2 nacho hutuma baiti tatu: ya kwanza huonesha vibonyezo pamoja na uelekeo, ya pili mwendo wa kulia na kushoto, ya tatu mwendo wa juu na chini. Mwaka 1996 Microsoft ilitoa IntelliMouse yenye gurudumu, na gurudumu lilihitaji baiti ya nne. Kama kipanya kingetuma baiti nne tangu mwanzo, viendeshi vya zamani vingechanganyikiwa. Ikabuniwa namna ya kupiga hodi. Kiendeshi kipya hukiamuru kipanya kibadili kasi ya kutoa taarifa mara tatu mfululizo: 200, kisha 100, kisha 80. Baada ya hapo hukiuliza kitambulisho chake. Kipanya cha kawaida hutii amri zote tatu bila kushuku lolote na hujibu 0. Chenye gurudumu huitambua hodi hiyo, hujibu 3, na kuanzia hapo hutuma baiti nne. Kiendeshi cha zamani kisichojua hodi hakiigongi, na kipanya kipya kikiunganishwa nacho hubaki na baiti tatu. Hakuna upande unaovunjika.

Kiendeshi psmouse cha Linux hufanya kazi hiyo kwa mapana zaidi: hujaribu taratibu kadhaa za vipanya na vibao vya mguso, na zote zikishindikana hurudi kwenye utaratibu wa msingi wa baiti tatu. Kwa hiyo kipanya cha PS/2 cha miaka ya 1980 huhudumiwa bila kusakinisha chochote, mradi kimechomekwa kabla kompyuta haijawashwa, kwa kuwa tundu la PS/2 halikubuniwa kwa kuchomekwa wakati umeme upo.

5.0 Usaidizi Unapokoma

Mifano iliyotangulia inaonesha mambo matatu yanayodumisha usaidizi. La kwanza ni kifaa kufuata kanuni inayojulikana. Vitufe vya kawaida vya kibodi hufuata kanuni hizo na huhudumiwa na kiendeshi cha jumla. Vitufe vya ziada vya baadhi ya watengenezaji hutegemea programu ya kampuni, na hunyamaza kampuni inapoacha kuitoa upya. Kiendeshi kilichoandikwa kwa Windows ya biti 32, kwa mfano, hakipakiki katika Windows ya biti 64, hata kama kifaa ni kizima.

La pili ni kupatikana kwa msimbo chanzi. Kiendeshi ambacho msimbo wake uko wazi chaweza kurekebishwa na yeyote mwenye ujuzi. Ndiyo sababu kiini cha Linux kina viendeshi vya vifaa vya mifumo mbalimbali, vikiwamo vya ADB ya Apple, utaratibu ulioanza mwaka 1986 na kuanza kuachwa kompyuta ya iMac ilipotoka mwaka 1998.

La tatu ni watu. Msimbo ulio wazi usio na mtu wa kuujaribu hatimaye huondolewa, kwa kuwa kila mabadiliko ya mfumo hudai kazi ya kuutunza. Linux iliacha kuhudumia kichakato cha 386 katika toleo la 3.8 la mwaka 2013, ilhali kibodi za AT zilizotumika na kichakato hicho zinaendelea kuhudumiwa hadi leo. Kibodi imeishi kuliko kompyuta yake.

Hali hiyohiyo inajirudia sasa. Usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo kompyuta nyingi za zamani hazina. Kinachokataliwa hapo ni kompyuta. Kibodi na kipanya vyake havimo katika masharti hayo. Taasisi inayotupa vyote pamoja hutupa pia visivyokuwa na tatizo.

6.0 Mpangilio wa Vitufe na Uandishi wa Kiswahili

Kiendeshi kikishatambua kitufe, ngazi ya tatu huamua herufi. Mpangilio wa vitufe ni jedwali linalosema kitufe fulani kitoe herufi gani. Katika mpangilio wa Marekani, kitufe cha kulia kwa Tab hutoa q. Katika AZERTY ya Kifaransa hutoa a. Msimbo uliotoka kwenye kibodi ni uleule.

Jambo hili lina uzito katika ukanda huu. Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kifaransa kimetumika katika utawala na elimu, zina AZERTY; Kenya, Uganda na Tanzania zina QWERTY. Kibodi zinapovuka mpaka, au zinapofika kutoka Ulaya pamoja na kompyuta zilizotumika, maandishi ya juu ya vitufe na jedwali la ndani hupishana. Anayeandika mama kwenye kibodi ya QWERTY huku mfumo ukiwa kwenye mpangilio wa AZERTY hupata ,q,q. Wazazi huwa zqwqwi. Kibodi hapo ni nzima na kiendeshi kinafanya kazi. Kinachohitajika ni kuchagua mpangilio unaolingana na kifaa. Hazina ya mipangilio inayotumiwa na Linux ina mipangilio ya Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania, wa Kikuyu, na wa Kifaransa cha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na yote hutumika kwa kibodi yoyote ambayo kiendeshi kimeitambua, iwe ya 1984 au ya leo.

Kiswahili kwa hati ya Kirumi hakina herufi zenye alama juu, na jambo hilo limewafanya wengi waamini kuwa hakina tatizo la kibodi. Ritifaa inayokamilisha ng' ndiyo inayokanusha dhana hiyo. Katika mpangilio uitwao Marekani ya Kimataifa, kitufe cha ritifaa husubiri herufi inayofuata ili kiiwekee alama. Irabu ikifuata, hutokea irabu yenye mkazo. Kwa kuwa ng' katika Kiswahili hufuatwa takriban daima na irabu, ng'ombe hugeuka ngómbe, ng'ambo hugeuka ngámbo, na kung'ara hugeuka kungára. Mwandishi anayeona hivyo huenda akaamua kuiacha ritifaa, akaandika ngoa alipokusudia ng'oa, nayo ni maneno mawili yenye maana tofauti.

Makosa hayo yakiingia katika kongoo, mtafiti anayetafuta ng'ombe hatayaona matukio yaliyoandikwa ngómbe, na hesabu zake zitapungua bila yeye kujua. Suluhisho ni jepesi: kuchagua mpangilio wa kawaida wa Marekani au wa Kiswahili, au kubonyeza kitufe cha nafasi mara baada ya ritifaa ili ibaki ilivyo.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yameonesha kuwa kati ya kidole na herufi kuna ngazi tatu, na kwamba kila ngazi ina hitilafu na tiba yake. Kutokana na maelezo hayo, mapendekezo matatu yanatolewa.

Kwanza, istilahi zitenganishe ngazi. Kiendeshi libaki kuwa neno la programu inayohudumia kifaa, na kifaa cha diski kiitwe kisoma diski. Kibodi itaje kifaa kinachoshikika, na jedwali la herufi liitwe mpangilio wa vitufe. Kamusi na vitabu vya kiada vikishikilia utengano huo, maelekezo kwa walimu na wanafunzi yataeleweka bila kubahatisha.

Pili, kifaa kichunguzwe kabla ya kutupwa. Kama kibodi inafanya kazi katika ukurasa wa mipangilio ya awali ya kompyuta, kabla mfumo endeshi haujapakiwa, kifaa na plagi ni vizima. Kama vitufe vinatoa herufi lakini si zilizotarajiwa, kwanza ukaguliwe mpangilio wa vitufe. Kama havitoi kitu chochote ndani ya mfumo endeshi, yakaguliwe adapta na kiendeshi. Linux inayowashwa kutoka kwenye flashi, bila kusakinishwa, ni kipimo kizuri cha kulinganisha.

Tatu, wakusanyaji wa matini za Kiswahili wakague namna ng' ilivyoandikwa kabla ya kuchakata data, ikiwamo tofauti kati ya ritifaa iliyonyooka na ile iliyopinda inayowekwa na programu za kuandikia. Kazi hiyo huchukua muda mfupi, na huokoa matokeo ya utafiti wa muda mrefu.